Breki za Lori Hazifeli Bila Kuaga

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Yapo maneno matatu ambayo masikio yetu yameyazoea kuliko inavyostahili: "Lori lilifeli breki." Tukishayasikia katika taarifa ya habari, mjadala unafungwa. Waliokufa wanazikwa, majeruhi wanapelekwa hospitali, na sisi tuliobaki tunatikisa vichwa na kusema kwamba ajali haina kinga.

Februari 24, 2024, pale Ngaramtoni, nje kidogo ya mji wa Arusha, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Polisi walieleza kuwa lori hilo lilifeli breki. Miezi minane kabla ya hapo, Juni 30, 2023, katika njia panda ya Londiani nchini Kenya, lori lililobeba kontena liliacha njia na kuwaingia wachuuzi na wasafiri waliokuwa kandokando ya barabara. Walikufa zaidi ya watu 50. Nani alikosa katika ajali hizo ni kazi ya wachunguzi na mahakama, wala si kazi yangu. Lakini nina swali ambalo nadhani kila mmoja wetu ana haki ya kuuliza: hivi breki za lori hufelije?

Nauliza hivyo kwa sababu, ndugu zangu, breki za malori makubwa zimeundwa kwa namna ya ajabu kidogo. Zimeundwa ili zikiharibika, lori lisimame. Sasa ikiwa chombo kimeundwa kisimame kikiharibika, inakuwaje tunazika watu kila mwaka kwa sababu kimeharibika na hakikusimama? Jibu lake ndilo mazungumzo yetu ya leo, na naomba tulifuatilie taratibu.

KILIO CHA UPEPO

Kila mkazi wa mjini anaifahamu ile sauti ya lori linaposimama kwenye taa za barabarani: pshhh! Watoto huiiga wanapocheza. Ile ni sauti ya upepo uliokwisha kufanya kazi yake, unatoka nje.

Gari dogo hutumia mafuta ya breki. Ukikanyaga, mguu wako unasukuma mafuta hayo kwenye bomba, nayo yanabana breki kwenye magurudumu. Lori kubwa haliwezi kutegemea njia hiyo. Kwanza, mguu wa binadamu, hata uwe wa mcheza mpira wa timu ya taifa, hauna nguvu za kusimamisha tani 50. Pili, trela hufungwa na kufunguliwa mara kwa mara. Kama bomba lake lingekuwa na mafuta, kila safari yangemwagika. Upepo ukivuja kidogo wakati wa kufunga trela, unatengenezwa mwingine, na upepo hauuzwi dukani.

Anayeutengeneza ni kompresa, ambayo huzungushwa na injini. Kompresa hushindilia upepo katika mitungi ya chuma iliyofungwa chini ya lori. Mitungi ikijaa, katika malori mengi mshale wa geji hupita pauni 100 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo lina kama pauni 30 tu, kwa hiyo pima mwenyewe nguvu iliyomo humo.

Dereva akikanyaga pedali, yeye hasukumi breki. Anafungua mlango tu. Upepo unatoka mitungini, unapita kwenye mipira, unafika kwenye chombo cha mviringo kilichopo karibu na kila gurudumu, ambacho mafundi wengi hukiita busta. Ndani ya busta mna kiwambo cha mpira. Upepo unakisukuma kiwambo, kiwambo kinasukuma fimbo ya chuma, fimbo inavuta mkono wa kurekebishia breki, na mkono huo unazungusha chuma kinachotanua viatu vya breki mpaka vibane kwenye dramu inayozunguka pamoja na gurudumu. Malori mapya mengine yana diski badala ya dramu, lakini mengi tunayokutana nayo barabarani bado yana dramu.

Safari hiyo ya upepo, kutoka mitungini hadi kwenye gurudumu la mwisho la trela, inachukua muda. Ni muda mdogo, karibu nusu sekunde. Naomba tuikumbuke nusu sekunde hiyo, maana tutairudia.

SPRINGI HAILALI

Sasa tuje kwenye ile ajabu niliyoitaja. Mmarekani mmoja aitwaye George Westinghouse alipata hataza ya breki za upepo za treni mwaka 1869. Breki zake za kwanza zilikuwa na kasoro kubwa: bomba la upepo likikatika, breki hakuna. Mwaka 1872 akaja na mpango mwingine uliogeuza mambo. Upepo uliomo katika bomba ndio ukawa unazuia breki zisikamate. Behewa likichomoka na bomba likakatika, breki zinakamata zenyewe.

Malori yetu yamerithi busara hiyo. Nyuma ya busta nyingi za magurudumu ya nyuma mna springi nzito sana. Springi hiyo wakati wote inataka kubana breki. Kinachoizuia ni upepo. Mitungi ikiwa imejaa na dereva amefungua breki ya kuegesha, upepo unaikandamiza springi na gurudumu linakuwa huru. Upepo ukiisha, springi inaachiliwa na magurudumu yanashikwa. Ndiyo maana asubuhi lori lililolala bila upepo haliondoki mpaka injini iungurume kwa muda na mitungi ijae. Trela nalo, ukichomoa mpira wake mwekundu unaoleta upepo, linajifunga breki lenyewe.

Na kabla hatujafika huko kwenye kujifunga, dereva hupewa taarifa. Kabla upepo haujashuka chini ya pauni 60, taa nyekundu inawaka mbele yake na kengele inalia. Kwa maneno mengine, lori linamwambia: "Bwana, ninaishiwa, tafuta mahali pa kusimama sasa." Dereva anayeendelea na safari huku kengele inalia hawezi kusema kwamba hakuambiwa.

Basi kama upepo ukiisha lori husimama, ni nini kinachofeli?

MADEBE SABA YA MAJI

Kinachofeli mara nyingi, ndugu wasikilizaji, ni breki iliyoungua. Na hapa nataka tufanye hesabu ndogo.

Breki haiumezi mwendo ukapotea. Inaugeuza kuwa moto. Chukua lori na trela lake, uzito wote tani 50. Lishushe mlima kwa mwendo usiobadilika mpaka liwe limeshuka mita 100 za wima, kama vile kutoka juu ya jengo refu la ghorofa hadi chini. Nguvu inayotakiwa kuzuiwa katika mteremko huo, ikigeuzwa yote kuwa moto, inatosha kuchemsha madebe saba ya maji ya lita 20 kila moja, kutoka maji ya bombani hadi yanatokota. Hayo ni ya mita 100 tu. Anayeshuka Kitonga, kutoka upande wa Iringa kwenda Ruaha Mbuyuni, anashuka mara kadhaa ya hapo. Na moto huo wote, kama dereva anategemea pedali peke yake, unaingia katika dramu chache za chuma.

Dramu ikipata moto mkali inapanuka. Ikipanuka, inakimbia viatu vya breki. Fimbo ya busta, ambayo ina urefu wake na mwisho wake, inatoka zaidi na zaidi kuifuata dramu, mpaka inafika mwisho na haiwezi kusukuma tena. Wakati huohuo lainingi za viatu zinaungua, zinapoteza ule ukavu wa kushika, zinateleza. Dereva anakanyaga mpaka chini. Mitungi imejaa, geji inaonyesha upepo tele, na lori haliitiki.

Akivuta breki ya kuegesha ili springi zikamate, haisaidii sana. Springi haina dramu yake ya akiba. Inabana viatu vilevile vilivyoungua, kwenye dramu ileile iliyopanuka. Hiki ndicho kitendawili chetu kimeteguka: ule mpango wa Westinghouse unatulinda upepo unapoisha. Hautulindi dhidi ya moto.

Kinga ya moto ni gia. Injini iliyo katika gia ndogo inalizuia lori, na ikisaidiwa na breki ya injini au ya ekzosi, pedali inabaki na kazi ndogo ya kupunguza mwendo mara mojamoja. Madereva wa zamani walikuwa na kanuni nyepesi: gia uliyopandia mlima ndiyo ushukie. Kwa malori ya siku hizi yenye injini zenye nguvu, hata hiyo wakati mwingine ni kubwa mno. Inafaa kuteremka kwa gia ndogo zaidi. Na gia hiyo ichaguliwe kileleni, kabla ya kuanza kushuka, kwani lori likishachanganya mwendo gia ndogo inaweza kukataa kabisa kuingia.

Ndiyo maana ile tabia ya kutia nyutro mlimani ili kubana dizeli ni hatari mara mbili. Kwanza, umemfukuza msaidizi wako mkubwa, yaani injini, ukaiachia breki mzigo wote. Pili, kompresa huzungushwa na injini. Injini iliyo nyutro inazunguka polepole, kompresa nayo inazunguka polepole, na wewe huku chini unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia, kila mara unamwaga upepo nje. Unatumia upesi, unatengeneza polepole. Dizeli iliyookolewa hapo haizidi lita chache. Sijui ni tajiri gani angekubali kuuza lori lake, dereva wake na basi la watu kwa lita chache za dizeli, lakini hiyo ndiyo biashara inayofanyika kila mara nyutro inapotiwa.

Na namna ya kukanyaga nayo ina elimu yake. Tuseme mwendo wa salama katika mteremko ule ni kilomita 30 kwa saa. Lori likifika 30, kanyaga kwa nguvu ya kutosha kwa sekunde tatu hivi mpaka lishuke kwenye 22, kisha achia kabisa. Likirudi 30, kanyaga tena. Katika zile nafasi za kuachia, dramu zinapata kupumua. Mguu unaokaa juu ya pedali kidogokidogo kutoka kileleni hadi bondeni ndio unaopika breki. Ukisikia harufu ya kuungua au ukaona moshi kwenye magurudumu, hizo ni salamu za mwisho. Simama kungali na uwezo wa kusimama, weka magogo chini ya magurudumu, subiri zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, maana chuma cha moto kikimwagiwa maji kinaweza kupasuka.

"LILIFELI HAPAHAPA GEREJI"

Kabla ya kuandaa mazungumzo haya nilikwenda katika gereji moja ya malori huku Dar es Salaam, nikakaa na fundi mmoja mtu mzima ambaye kazi yake ni breki tu. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza shida yangu.

"Mzee, nataka kujua breki hufeli vipi mlimani."

Akacheka. "Kijana wangu, breki haifeli mlimani. Huko inakwenda kuonekana tu. Inafelia hapahapa gereji, wiki tatu kabla, tajiri anaposema lainingi zitasubiri safari ijayo."

Kisha akaniinamisha chini ya trela, akanionyesha ule mkono wa kurekebishia breki. Kadiri lainingi zinavyolika, fimbo ya busta inalazimika kutoka zaidi ili viatu vifike kwenye dramu. Mkono huo kazi yake ni kuirudisha nafasi hiyo. Ukiachwa, fimbo inatumia karibu urefu wake wote hata kabla ya kupata moto. Lori la namna hiyo mjini linasimama vizuri tu. Dereva anaridhika. Likifika mlimani, dramu zikapanuka kidogo, fimbo haina tena mahali pa kwenda. Breki ilikuwa imekwisha zamani, ila tambarare iliificha.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Lori likiwa tambarare, magurudumu yamewekewa magogo, breki ya kuegesha imefunguliwa, fundi anauvuta mkono ule pale unapoungana na fimbo. Ukisogea zaidi ya inchi moja hivi, breki hiyo inahitaji kushughulikiwa. Malori mengi ya miaka ya karibuni yana mikono inayojirekebisha yenyewe, na hilo ni jambo jema. Lakini mzee yule akanitahadharisha: mkono wa kujirekebisha ukiona unahitaji spana kila mara, usifurahie kwamba umeurekebisha. Una ugonjwa, na ugonjwa wake utafutwe.

Nikamwuliza juu ya ufundi wa barabarani, ule wa "tufike kwanza, tutatengeneza mbele". Akauhesabu kwa vidole. Kiwambo kikipasuka, mtu anakunja mpira wa upepo wa gurudumu lile na kuufunga kwa waya. Kuvuja kunakoma, na gurudumu moja halina breki tena. Springi ikikamata kwa kukosa upepo, mtu anaifungia kwa boliti yake ili gari livutwe. Boliti hiyo imewekwa kwa ajili ya kuvutia gari bovu hadi gereji, lakini wapo wanaosahau kuifungua wakaendelea na safari na mzigo. Trela likikamata, mtu anamwaga upepo wa mtungi wake ili breki zake ziachie, linakokotwa hivyohivyo, na breki zote ni za kichwa peke yake. Kila gurudumu linalonyang'anywa breki namna hii linawaongezea wenzake moto. Ukizidisha na mzigo juu ya kiwango, umekwisha kuandika habari, bado tarehe tu.

Akanionya pia jambo moja ambalo nalifikisha kwa vijana wanaojifunza ufundi. Busta yenye springi isifunguliwe kwa nyundo na tindo. Springi ile imebanwa kwa nguvu za kutosha kushika lori lenye mzigo mlimani. Ikifyatuka usoni mwa mtu, inaua. Kama hujafunzwa kuifunga kwanza, usiiguse.

DAKIKA CHACHE KABLA YA SAFARI

Wenzetu madereva, mengi ya haya mnayajua kuliko mimi. Nayataja ili na abiria, na tajiri, na askari wa usalama barabarani, wajue kwamba mnayo haki ya kuyafanya bila kuharakishwa.

Mwaga maji ya mitungi kila siku. Upepo unaoshindiliwa unaacha maji, na maji yanaleta kutu, yanaharibu vali. Yakitoka pamoja na oili nyingi, kompresa inaanza kuchoka.

Jaza mitungi, zima injini, fungua breki ya kuegesha ukiwa umeshaweka magogo, tazama geji kwa dakika moja. Vitabu vya mafunzo ya madereva nchini Marekani vinasema lori lenye trela lisipoteze zaidi ya pauni 3 katika dakika hiyo. Kisha kanyaga pedali ushikilie dakika nyingine: lisizidi pauni 4. Likizidi, kuna mahali panavuja, na sikio la utingo anayezunguka gari litapaona.

Endelea kukanyaga na kuachia, injini ikiwa imezimwa, mpaka upepo ushuke. Kengele ilie na taa iwake. Kama haikulia, usiseme "geji ninayo". Siku ya shida macho yako yatakuwa barabarani.

Mwisho, ondoka taratibu, jaribu breki hapohapo uwanjani, na hakikisha trela linashika. Na utingo aweke magogo yake ya mbao garini. Anayeokota jiwe akaliweka chini ya gurudumu, kisha akaliacha katikati ya lami, amemtegea mwenzake wa usiku.

SISI WA MJINI

Nimesema sana na madereva wa malori. Sasa tujiangalie sisi wenye magari madogo, daladala na pikipiki.

Ile nusu sekunde ya upepo niliyoomba tuikumbuke: lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Maana yake, tangu dereva anapokanyaga pedali mpaka breki zinapoanza kubana, limekwisha kwenda mita 11 hivi, karibu urefu wa basi kubwa. Hapo sijahesabu muda wa dereva kuona na kuamua, wala umbali wa kusimama kwenyewe. Dereva mzuri huacha nafasi mbele yake kwa sababu hiyo. Sisi tunaiona nafasi ile tunasema imebaki bure, tunachomekea. Kisha tunakanyaga breki zetu za mafuta zinazoshika papo hapo. Ukimchomekea lori, umemnyang'anya mita ambazo alikuwa amekuwekea wewe.

Na kwenye miteremko, kule Kitonga, Sekenke, Iwambi kuelekea Mbalizi, au kwa majirani zetu Salgaa na Sachangwan, lori linaloshuka polepole lisipigiwe honi. Dereva yule hakulala. Anafanya lile tunalomwomba alifanye. Honi zetu na matusi yetu ndiyo yanayomshawishi atie gia kubwa.

Wenye malori nao wana neno la kujibu. Dereva anayelipwa kwa safari, anayepigiwa simu kila saa kuulizwa amefika wapi, anayekatwa fedha za dizeli iliyozidi, huyo amekwisha kuamriwa atie nyutro hata kama hakuna aliyemwambia kwa mdomo. Tajiri anayetaka kujua hali ya breki zake asiulize kama gari linatembea. Aulize lini mara ya mwisho mikono ya breki ilipimwa, nani aliipima, na iko wapi karatasi yake. Lainingi zinauzwa, dramu zinauzwa. Na tusisahau kwamba wanaokaa mbele kabisa ya lori hilo, siku likikataa kusimama, ni dereva na utingo wake.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, siku nyingine tukisikia kwamba lori lilifeli breki, tusikubali habari iishie hapo. Tuulize, na waandishi wa habari watuulizie: lilikuwa likishuka kwa gia gani? Mzigo wake ulikuwa tani ngapi? Breki zilikaguliwa lini? Trela lilikuwa na breki magurudumu yote? Kengele ilikuwa nzima? Majibu ya maswali hayo hayawafufui waliokwisha kufa. Lakini yanapatikana kwenye chuma, kwenye karatasi za gereji na mizani, na mtu anayejua kwamba ataulizwa, huenda gereji mapema.

Ajali haina kinga, wahenga walisema, na wako mambo waliyoyaona. Ila dramu iliyoungua kwa wiki tatu za uzembe na kilomita kumi za nyutro, hiyo wahenga hawakuijua, na sidhani wangeiita ajali.